JUKWAA LA KAMĨRĨĨTHŨ: Jinsi ya Kukusanya Historia ya Kikundi kwa Mdomo



Nikitembelea kikundi na kuuliza, "Historia yenu ni ipi?", mara nyingi katibu hukimbia kuleta faili. Ndani mna cheti cha usajili, katiba, kitabu cha benki na majina ya maofisa wa kwanza. Karatasi hizo ni za maana sana, zisipotee. Lakini hazisemi ni nani aliyewaza kwanza kwamba mnaweza kuchimba kisima. Hazisemi ni mama gani aliyepika uji siku ya kuchimba, wala kwa nini wanachama kadhaa walitoka mwaka wa pili wakanyamaza. Hayo yako vichwani mwa watu, na watu wanazeeka, na wengine tumekwisha wazika.

Basi somo la mara hii ni juu ya kukusanya historia kwa mdomo. Tutajifunza kwa kuangalia kikundi kimoja cha hapa kwetu Kenya, kikundi cha michezo ya kuigiza cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Wenye mvi kati yenu mnakumbuka jina hilo lilivyokuwa likitajwa kwa sauti ya chini. Vijana huenda wamelisikia darasani tu. Nimechagua kikundi hiki kwa sababu kilianza kama vyenu, kwa watu wa kawaida na kibanda kibovu. Kisha kilikua mpaka kikaitisha serikali, na jukwaa lake likabomolewa. Baada ya hapo kilichobaki ni yale ambayo watu waliyakumbuka.

Kijiji na ule mlango uliobishwa

Kamĩrĩĩthũ iko Limuru, kama kilomita 30 hivi kutoka Nairobi. Kijiji kilianzishwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari. Serikali ya kikoloni iliwaondoa watu kwenye mashamba yao na kuwasonganisha mahali pamoja ili wasiwapelekee wapiganaji wa Mau Mau chakula na habari. Uhuru ulipokuja kijiji hakikuvunjwa, kilibaki pale pale. Waliokaa humo walikuwa wachuma chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wachuuzi wadogo, walimu wachache, na watu wengi wasio na kazi wala shamba la kutosha.

Kulikuwa na kituo cha vijana kwenye ardhi ya ekari 4. Kituo ni jina tu, maana kulikuwa na jengo moja la udongo lenye vyumba vinne lililokuwa likianguka, na nyasi.

Mwaka 1976, asubuhi na mapema, mama mmoja wa kijiji alibisha kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ alikuwa mwandishi mwenye jina na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na nyumbani kwake kulikuwa huko huko Limuru. Yule mama hakuzunguka. Alimwambia kwamba wamesikia ana masomo mengi na anaandika vitabu, basi kwa nini yeye na wenzake wasikipe kijiji sehemu ya masomo hayo? Akamweleza juu ya kile kituo kinachoanguka. Akarudi tena baadaye, na tena, mpaka akakubaliwa.

Habari hii tunaijua kwa sababu Ngũgĩ mwenyewe aliiandika. Katika simulizi hiyo yule mama hana jina. Sisemi hivyo kumlaumu mwandishi, kwani huenda alikuwa na sababu zake, na miaka ile kumtaja mtu kungeweza kumletea shida. Lakini angalieni: mtu aliyewasha moto wote huu tunamjua kama "mama mmoja". Katika kikundi chenu, ni nani aliyebisha mlango wa kwanza? Na jina lake limeandikwa wapi?

Walianza na kusoma

Hawakuanza na mchezo wa kuigiza. Walianza na kisomo cha watu wazima, mwaka huo huo wa 1976. Aliyesimamia kisomo ni Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambaye alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa maendeleo ya Chuo Kikuu. Huyu ni mtu mwingine, si yule mwandishi, ingawa watu huwachanganya siku zote. Alifuata njia ya Paulo Freire wa Brazil, ambayo wale waliopitia mafunzo ya DELTA katika majimbo yetu wanaijua vizuri. Mtu mzima hafundishwi herufi kama mtoto. Anaanza na neno linalomuuma, kama shamba, mshahara au maji, analizungumzia, na hapo ndipo anajifunza kuliandika.

Wanafunzi walipoanza kuandika, waliandika maisha yao. Wakawa na mambo ya kusema ambayo hayakutosha kwenye daftari, na ndipo wazo la kuigiza likapata nguvu. Wale Ngũgĩ wawili wakaombwa waandike mchezo. Wakauandika kwa Kikuyu, lugha ya wenyewe, wakauita Ngaahika Ndeenda, maana yake Nitaolewa Nikipenda.

Hapa pana jambo la kikundi chochote kujiuliza: ni nini kilitangulia nini? Vikundi vingi husimulia historia yao kuanzia siku ya sherehe, siku mbunge alipokuja kukata utepe. Mkiwauliza wanachama wa zamani mmoja mmoja mtakuta mbegu ilipandwa nyuma zaidi, labda katika darasa la ngumbaru, au katika matanga ambapo akina mama walichangisha pesa za jeneza wakaona kumbe tunaweza.

Mchezo uliosahihishwa na kijiji

Sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote. Rasimu ilipokuwa tayari mwaka 1977 haikufungiwa kabatini. Ilisomwa mbele ya watu, na watu wakaikosoa. Wazee walirekebisha lugha, wakasema mzee wa rika fulani hasemi hivyo. Akina mama waliojua nyimbo na ngoma za zamani wakafundisha jinsi zinavyoimbwa na hatua zinavyokanyagwa. Wafanyakazi wakaeleza mishahara na maisha ya kiwandani yalivyo kweli. Mazoezi yalifanywa hadharani, anayepita anasimama, anatazama, anatoa maoni yake. Kimani Gecau wa Chuo Kikuu ndiye aliyeongoza uigizaji, lakini naweza kusema kijiji kizima kiliongoza pamoja naye.

Wale waliotengeneza bunduki za bandia za kutumia katika mchezo walikuwa ndio wale wale waliotengeneza bunduki za kweli za Mau Mau miaka ya 1950. Hebu fikirini kijana ameketi karibu na mzee anayechonga mti uwe bunduki, na mzee huku anaeleza ile ya kweli ilitengenezwaje. Hiyo ni historia inayopokewa kwa mikono. Hakuna daftari lililofunguliwa, na kijana hatasahau.

Ndiyo maana nawaambia, msimhoji mzee kwenye kiti cha ofisini, mbele ya meza, na maofisa wamemzunguka. Atawapa hotuba. Mwendeeni akiwa na kazi mkononi. Mama anayesuka kiondo, au anayepura maharagwe, atakumbuka mambo ambayo hakujua anayakumbuka. Muulizeni juu ya vitu: jembe lilitoka wapi, kamba ililetwa na nani, mabati ya kwanza yalinunuliwa duka gani na yakabebwaje. Ukimuuliza "umoja wenu ulikuwaje?" atakujibu "ulikuwa mzuri", na mazungumzo yamekwisha.

Jukwaa lenyewe walilijenga kwa mikono yao. Walifyeka nyasi. Wakainua jukwaa la nusu duara, nyuma yake ukuta wa mianzi, na nyuma ya ukuta nyumba ndogo ya vyumba vitatu ya kubadilishia nguo na kuweka vitu. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi, kiasi kwamba watu zaidi ya 2,000 waliweza kuketi. Paa halikuwepo. Mafundi na vibarua walikuwa watu wa kijiji.

Mchezo wenyewe, na sisi watu wa Kanisa

Katika mchezo, Kĩgũũnda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu tu. Hati yake ya shamba ameitundika ukutani kama wengine tunavyotundika picha takatifu. Yeye na mkewe Wangeci walioana kimila. Tajiri Ahab Kĩoi, mtu wa kanisani sana, anakuja kuwashawishi wabariki ndoa. Wanataka kufanya arusi ya heshima, pesa hakuna, basi hati inakwenda benki kuwa dhamana ya mkopo. Mwishowe shamba linapigwa mnada, na anayelipata ni Kĩoi.

Najua wasomaji wetu wengine watasema mchezo huu unapiga vita dini. Mimi naona tusiukimbie. Ndoa ni sakramenti, lakini keki ya ghorofa na magari ya kukodi si sakramenti. Nimeona familia zikiuza ng'ombe wa maziwa kwa sababu ya arusi ya siku moja. Na kuhusu hati kupelekwa benki, hakuna kikundi cha mikopo kinachosoma ukurasa huu ambacho hakijui jirani aliyepoteza shamba hivyo. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walikuwa wakisema jambo walilolijua nyumbani kwao. Historia ya kikundi, ikikusanywa kwa ukweli, itatugusa na sisi viongozi wa Kanisa, na tuwe tayari kuisikia.

Wiki sita

Mchezo ulifunguliwa Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa miguu, na wengine walikodi mabasi na teksi kutoka mbali. Inasimuliwa kwamba Jumapili moja mvua ilinyesha ikakatiza mchezo mara tatu. Kila mara watu walijikinga, wakangoja, wakarudi kwenye zile mbao zenye maji wakaendelea kutazama. Vijana na wazee walikuwa jukwaani pamoja, na husemwa hata ulevi ulipungua kijijini siku zile za mazoezi, kwa sababu watu walikuwa na mahali pa kwenda. Wageni kutoka sehemu nyingine walikuja kuuliza, nasi kwetu tuanzeje?

Halafu tarehe 16 Novemba 1977 leseni ikaondolewa, na mchezo ukapigwa marufuku. Zilikuwa zimepita wiki sita na siku chache. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa akawekwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa mahakamani, mpaka Desemba 1978.

Kikundi hakikufa. Novemba 1981 walikusanyika tena kwa mchezo mpya wa nyimbo, Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie, juu ya wakati wa mkoloni na kipande. Waliutengeneza kwa nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya, na walikusudia kuuonyesha katika Jumba la Michezo la Taifa, Nairobi, Februari 1982. Leseni haikutolewa na milango ikafungwa. Basi watu walikuwa wakienda Chuo Kikuu kutazama mazoezi tu, na inakadiriwa watu kati ya 12,000 na 15,000 waliyaona kabla hapo napo hapajafungwa. Tarehe 11 Machi 1982 serikali iliondoa kibali cha kituo chenyewe. Siku iliyofuata polisi walifika na malori matatu, wakalibomoa jukwaa. Baadaye mahali hapo palijengwa chuo cha ufundi.

Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, na huko wakaendelea na kazi ya michezo ya vijijini. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alifariki huko mwaka 2008 katika ajali ya gari. Ngũgĩ wa Thiong'o aliishi uhamishoni miaka mingi, akafariki Marekani Mei 2025. Wanakijiji hawakuwa na uhamisho wa kwenda. Walibaki pale pale, wakaamka kesho yake wakaenda kuchuma chai.

Nani anasimulia?

Mengi tunayojua juu ya Kamĩrĩĩthũ yametoka kwenye vitabu vya Ngũgĩ wa Thiong'o, hasa kile alichoandika juu ya kizuizini, kilichotoka 1981, na Decolonising the Mind cha 1986. Ni ushahidi mkubwa, na bila yeye tungekuwa gizani. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba kazi ilikuwa ya kijiji. Hata hivyo ni macho ya mtu mmoja, mwanamume, msomi. Mtafiti wa Sweden, Ingrid Björkman, alifanya jambo tofauti. Aliwahoji watu waliotazama yale mazoezi ya 1982, akawauliza waliona nini na walielewa nini, na kitabu chake juu ya Maitũ Njugĩra kikatoka 1989. Ukisoma sauti za watazamaji unaona kikundi kwa upande mwingine: mtu aliyeketi kwenye ngazi akaona maisha yake yanaimbwa.

Aibu yangu kama Mkenya ni kwamba ilibidi mtu atoke Sweden. Kwa nini kijiji kisihoji kijiji? Kweli, miaka ya 1980 mtu kusema alikuwa Kamĩrĩĩthũ haikuwa mchezo, hasa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, watu walipokuwa wakikamatwa ovyo. Watu walinyamaza. Na mtu akinyamaza miaka ishirini, mengine husahaulika kabisa, mengine huenda naye kaburini. Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilichezwa Nairobi katika lile Jumba la Taifa lililofungiwa kikundi, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu. Waliokuwa na miaka 40 mwaka 1977 walikuwa wamefika 85, wale waliokuwa hai.

Kwa hiyo mkianza kazi hii msimalizie kwa mwenyekiti. Mhojini mweka hazina wa kwanza, hata kama mligombana naye. Mhojini mlinzi, mpishi, na yule fundi aliyefanya kazi akalipwa nusu. Watafuteni waliotoka. Aliyetoka anajua jambo ambalo waliobaki wamejizoeza kulisahau.

Tarehe msiwalazimishe wazee. Tumieni matukio: ilikuwa kabla ya njaa ya 1984 au baada yake? Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikuwa amekuja mara ya kwanza, 1980, au ilikuwa wakati wa Kongamano la Ekaristi, 1985? Mvua za El Niño za 1997 zilikuta choo kimejengwa? Mtashangaa jinsi miaka inavyojipanga.

Watu wawili wakitofautiana, mmoja akisema shamba la kikundi lilitolewa na chifu na mwingine akisema lilinunuliwa kwa pesa za akina mama, msipige kura. Andikeni yote mawili na majina ya waliosema, kisha tafuteni risiti. Ikipatikana, ni vizuri. Isipopatikana, ile tofauti yenyewe inaonyesha kuna jambo halijaisha kati yenu, na pengine ndilo linalowafanya vijana wasiingie kikundini.

Simu nyingi siku hizi zinarekodi sauti, na ni msaada mkubwa, lakini omba ruhusa kwanza. Mwambie mtu wazi ni nani atasikiliza. Akisema "hili liwe letu wawili", zima simu, na usiliandike. Kuna mambo ya Hali ya Hatari, ya 1982, ya ghasia za uchaguzi, ambayo mtu anayabeba kwa uchungu. Si yetu kuyachokonoa ili daftari lijae. Na ukirekodi, andika habari ile ile wiki ile ile, kwa sababu simu hupotea na kuibiwa.

Mkishapata habari za watu kumi hivi, fanyeni kama Kamĩrĩĩthũ: zisomeni mbele ya watu, kwa lugha ya nyumbani, mzikosoe. Vijana waweza kuigiza sehemu moja fupi, kwa mfano siku ya mkutano wa kwanza, na wazee wakae mbele wakiwa na ruhusa ya kusimamisha mchezo na kusema, "Hapana, haikuwa hivyo."

Kwa mkutano ujao

Gawanyikeni wawili wawili, mmoja anayeandika vizuri na mmoja anayejua kuongea na watu. Kila jozi imtembelee mwanachama mmoja wa zamani, na jozi moja imtembelee mtu aliyetoka kikundini. Jadilianeni kwanza: ni nani katika kikundi chetu aliyefanya kazi kubwa na jina lake halimo kwenye faili? Ni jambo gani tunaliogopa kulisimulia, na tunamwogopa nani? Kama leo jengo letu lingebomolewa, mtoto wa mwanachama angejuaje kwamba lilikuwepo?

Nunueni daftari gumu la kurasa 200. Kurasa za mwanzo mziache wazi kwa majina ya wanachama waliofariki, na kando ya kila jina muandike kazi aliyoifanya mtu huyo. Likae kwa katibu, na nakala ikae parokiani.